Senene wa Kwenda Kanada

Jirani yake wa Kihanga anadai alifika Kanada akanyang'anywa senene wake wote, wale panzi wa kukaanga, uwanja wa ndege. Mama Stephania alikuwa akimsimulia hayo Theoneste, abiria mwenzake garini, aliyejisifu kwamba Kanada anaijua. Vero, abiria wa kiti cha nyuma yao, alitega sikio.

“Aliwaficha kwenye soksi huyo. Wewe mama, wataje mapema, wawakague. Wakikataa, usibishane.”

“Binti yangu amejifungua huko, niende mikono mitupu?”

“Beba koti zito. Hilo hawakatai.”

“Koti halitafunwi, mwanangu.”

Vero aliuma kanga asicheke.

Gari likasimama Omurushaka. “Basi niandikie hapa hayo maneno ya Kizungu,” Mama Stephania alimsihi, “niwaonyeshe wanielewe.”

Theoneste aliinama kutafuta mzigo wake chini ya kiti, ambako Vero hakuona mzigo wowote.