Matabaka Manne, Wazee Wanne

Kijiwe chetu kiko Himo, pale barabara ya Marangu inapoachana na ile ya kwenda mpakani. Kina benchi moja, jiko la mkaa na birika la Lukresia. Jumamosi iliyopita, saa tatu kamili asubuhi, Eliakim, mpishi wa wapanda mlima, ambaye hapa tunamwita Kempu, alifika amekumbatia bakuli la kioo lililofunikwa kitambaa. Saa sita alitakiwa kulifikisha kwa akina Hilda, ambako wazee wanne wa ukoo wangeamua kama anafaa kumwoa. Mama yake Hilda, Bi Salvina, alikwisha kutaja sharti lake hadharani: anayewapikia wageni mlimani na alete anachowapikia, kionekane. Kwa hiyo Kempu alikuwa ametengeneza tiramisu, kile kitindamlo cha Waitaliano.

— Umeipikaje? aliuliza Sirili, tunayemwita Mizani kwa kuwa alipima kahawa za wakulima kwenye chama cha ushirika kwa miaka ishirini.

— Haipikwi, Mizani, inapangwa. Kwanza kahawa nzito, iache ipoe. Pili, viini vya mayai na sukari, unavipiga juu ya mvuke mpaka vikaribie weupe. Tatu, mtindi. Jibini yao huku hakuna, nikauning'iniza mtindi kwenye kitambaa, ukachuja maji, nikachanganya na krimu. Nne, biskuti: chovya, toa! Ukihesabu mpaka tatu umeshapata uji. Halafu biskuti, krimu, biskuti, krimu. Kakao juu. Friji tangu jana mchana.

— Vitu umetoa wapi?

— Kahawa, maziwa na mayai Hilda kaleta kwao. Mimi biskuti na kakao tu.

— Sasa unahangaika nini?

— Kugawa. Mbuzi wa posa namjua, kila kipande kina mwenyewe. Ukimpa mzee kipande cha mwenzake, posa imelala. Hii je?

Mizani alishusha kikombe kwa utulivu wa mtu aliyeombwa utaalamu wake.

— Rahisi. Matabaka manne, wazee wanne. Kila mmoja na lake.

— Na mkubwa wao?

— La juu! alidakia Ebenezeri, ambaye kwa kutokosa tangazo lolote la kanisani anaitwa Waraka. Tazama mlima. Chini migomba, kisha msitu, kisha mawe, juu barafu. Umeona wapi mtu wa heshima akapewa migomba?

— Mimi nakaa migombani miaka yote, alisema Mizani.

— Si ndiyo maana.

— Na la chini? aliuliza Kempu.

— La chini apewe aliye mrefu kuliko wote, alisema Waraka. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mfupi atainama kwenda wapi?

— Kweli kabisa. Na kila tabaka lipimwe, aliongeza Mizani. Likipungua, jaziliza kakao.

— Sikilizeni niwaambie, alisema Waraka, sasa amesimama. Mnadhani Waitaliano waliweka manne kwa bahati? Kule nako kuna koo. Hiki ni chakula chao cha posa! Biskuti ni mbavu, krimu ni mafuta, kahawa ni damu ya kisusio, ile supu ya mbuzi. Huyu ni mbuzi, ila hana kwato.

Kempu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alitoa uzi mfukoni, akaunyoosha juu ya bakuli.

— Basi nakata kwa ulalo, tabaka linanyanyuka zima kama chapati.

— Na wanawake wa nyumba hiyo? aliuliza Lukresia akimimina.

— Hawamo kikaoni, alijibu Waraka. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Nipo.

Tuligeuka. Bi Salvina alikuwa amesimama nyuma ya benchi, kapu la chumvi na mchele mkononi. Kempu aliinuka kwa kasi, kahawa yake ikamwagika.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kwenye mbavu. Nina swali moja tu. Kahawa nimepalilia mimi. Maziwa nimekamua mimi. Mayai ni ya kuku wangu. Fungu langu ni lipi?

Mizani alimsogezea Lukresia kikombe. Lukresia aliinamisha birika ili kuwaokoa. Yalitoka machicha matupu.

Kempu aliurudisha uzi mfukoni. Akachukua kijiko kwenye kopo la sukari la Lukresia, akakifuta, akakizamisha wima mpaka kikagonga kioo, akakiinua kikiwa na matabaka yote manne, akampa kwa mikono miwili.

Bi Salvina alikula bila haraka.

— Hii ni ya miti ya kule mtoni, alisema. Kahawa yangu naijua tangu ikiwa ua. Kuila, ni leo.

Kempu alitaka kulisawazisha shimo kwa mgongo wa kijiko.

— Liache. Wakikuuliza nani kaanza, sema mimi.

Alipiga hatua mbili, akarudi akanyoosha mkono.

— Na huo uzi nipe, nikafungie miguu ya jogoo wa kumchinjia mkwe wangu.