Mshipa Mmoja Katika Bawa la Nyigu

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya visukuku, mtaalamu wa wadudu wa kale, tuliyezoea kumwita Shangazi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mkurugenzi ameagiza makala hii iwe ya furaha. Nitajitahidi, ingawa nina hofu yangu.

Aliajiriwa kupanga makabati ya vielelezo, akasoma jioni, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo. Nusu ya wafanyakazi wa hapa amewalea. Nusu nyingine amewagombeza kwa kuweka vikombe vya chai karibu na hadubini. Kioja ni kwamba huwaogopa nyigu walio hai. Aliumwa utotoni, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akiingia mmoja dirishani, Shangazi ndiye wa kwanza kufika koridoni.

Lakini hofu niliyoiona mwaka jana haikuwa ya mchezo. Ndani ya kipande cha kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, kidogo kama punje ya haragwe, alimkuta nyigu asiyefanana na yeyote aliyewahi kuelezwa. Mshipa mmoja wa bawa ulipinda pasipotarajiwa. Kwa mshipa huo akaandika maelezo ya jenasi mpya, yaani kundi jipya la spishi. Mimi, mchoraji wake, nikachora. Tulipokaribia kuyatuma maelezo hayo kwa jarida la kisayansi, akaniuliza kwa sauti ndogo: je, kama ule si mshipa, bali ni ufa wa kaharabu uliolala juu ya bawa? Katika kazi hii, watu wameshawahi kuupa ufa jina la kiumbe kipya.

Njia ya kujua ilikuwa moja: kusugua upande wa pili wa kaharabu na kutazama kutoka chini. Nyigu wa aina hiyo tulikuwa naye mmoja tu. Msuguo ungezidi kidogo, angegeuka vumbi, na jenasi pamoja naye. Mkurugenzi akamsihi aache, kwani angekuwa ameshastaafu kabla mtu hajauliza. Shangazi akamjibu kwamba anayestaafu ni yeye, si nyigu.

Akasugua kwa mkono juu ya msasa uliolowa, sisi tukitazama. Mara kaharabu ikalia ta! Ufa mpya ukatambaa kutoka ukingoni, ukasimama karibu kabisa na bawa. Mkurugenzi aliketi sakafuni na suti yake. Shangazi akakiosha kipande, akatazama kwa muda mrefu, kisha akanisogezea hadubini na kuniambia nichore ninachokiona, si ninachokiombea. Mshipa ulikuwapo, na vinyweleo vyake, ambavyo ufa hauwezi kuwa navyo. Jenasi ikachapishwa.

Ufa ule bado upo, na hewa ikikauka unaweza kuendelea. Kila asubuhi Shangazi huukagua kabla hata hajavua koti. Kuanzia Jumatatu kazi hiyo ni yangu, na naogopa, sifichi. Nilipomwambia, alisema hata yeye huogopa kila anapofungua kabati la kaharabu hiyo, na bado hulifungua.

Asante kwa yote, Shangazi. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono na siku ndefu za kupumzika. Ila Jumatatu asubuhi, tafadhali, usizime simu.