Nshuti Valens na Rezo Isiyokatika Mpakani

Ndugu, majirani, na ninyi mlioegesha gari jeupe langoni hata wabeba jeneza wakapita ubavu ubavu: familia inaomba utulivu, wasifu wa Valens wetu usomwe.

Nshuti Valens alizaliwa Bukavu tarehe 3 Mei 1986, mtoto wa pili wa marehemu Protais na Mama Mukabera, Wanyarwanda waliokuwa wakiishi ng'ambo ya mto. Mwaka 1995 familia ilirudi Kamembe, upande wa Rwanda. Shuleni walimcheka kwa Kiswahili chake cha Kongo, naye akawacheka kwa kukosa lugha ya pili. Upole hakuzaliwa nao, na hapa makaburini si mahali pa kumsingizia.

Alisoma Kamembe hadi sekondari, kisha kompyuta huko Huye, akamaliza mwaka 2011. Akafundisha miaka michache. Wakuu wa shule hawakumpenda, na yeye hakujisumbua kuwapenda.

Mwaka 2017 alianza kazi ya maisha yake: maktaba ya programu. Si ya vitabu. Ni msimbo ulio tayari, ambao mtu yeyote huuchukua bure na kuutia katika programu ya simu, ili ujumbe usafiri hadi kwenye kompyuta kuu. Wakubwa wa mjini huandika vitu hivi kana kwamba rezo, yaani mtandao wa simu, ni ukuta, haisogei. Sisi wa Rusizi, ukishuka kidogo kuelekea ziwani simu inashika Kongo. Ukifika Ruhwa inashika Burundi. Na ujumbe uliokuwa njiani, kwisha habari yake. Maktaba ya Valens ilishikilia. Simu ikihama rezo, ujumbe uliendelea pale ulipofikia.

Ili kuijaribu alipanda hadi Bweyeye kwa miguu, simu mbili mfukoni. Baba mdogo alimsimamisha njiani: “Valens, batu banatoka Bweyeye kutafuta rezo, weye unaenda kule kufanya nini?” Akajibu, “Njo ile mbaya nataka, Papa. Ikishika kule, itashika kila fasi.” Ukoo ukasema kijana amerukwa na akili. Leo ukoo huo huo umejaa viti vya mbele, unalia kwa sauti kubwa kuliko mama yake.

Tarehe 16 Agosti 2014 alikuwa amefunga ndoa na Uwamwezi, binti wa mkulima wa mpunga wa Bugarama, mwalimu wa hesabu. Valens aliandika maelezo ya kutumia maktaba yake hivi: “Usipoelewa hapa, rudi shuleni.” Uwamwezi aliyafuta yote akaandika ya kusomeka na binadamu. Tangu hapo walikuwa watunzaji wawili: kila rekebisho lililotumwa na watu wa nje, mke alilisoma, akalikubali au akalikataa, akitia saini “Bugarama”.

Kampuni moja ya Kigali, ambayo jina lake halistahili kutajwa karibu na jeneza, iliichukua maktaba, ikafuta jina la Valens katika nakala yake, kisha ikatuma rekebisho la kuondoa hata kwenye maktaba yenyewe kile kipande cha kuhama rezo. Eti kinazidisha uzito; nani anabadilisha nchi katikati ya ujumbe? Loo! Wajumbe wa afya wa Bugarama, wanaotuma habari za wajawazito kutoka mashambani, hubadilisha nchi bila hata kuvuka mfereji. “Bugarama” akakataa. Wakarudia, akakataa.

Februari 2025 Valens aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alimwambia mkewe, “Usibapatie ruhusa ya kuichunga. Bakiichukua batakata ile kipande, na batu betu batabakia bila kitu.” Alifariki nyumbani Nzahaha, Jumanne tarehe 11 Novemba.

Alhamisi mkurugenzi wa kampuni hiyo alifika kilioni na shada la maua lililokwama mlangoni. Akamwinamia mjane: “Pole, maman. Hii mambo ya kompyuta iko nguvu kwa bibi. Utupatie tu ruhusa, tutaichunga. Iko na muntu mumoja mubaya mule ndani, anajiita Bugarama, kichwa yake ngumu sana. Huyo tutamufukuza.” Uwamwezi alimtazama, akamwongezea chai, akasema, “Jibu utalisikia makaburini, Papa. Kuja tu.” Naye amekuja. Kakaa pale, miwani myeusi usoni, anangoja kupewa.

Marehemu ameacha mama, Mukabera; dada, Védastine, anayewasomea haya; binti, Iriza; na mjane, Uwamwezi, ambaye ndiye Bugarama.

Mkurugenzi, maktaba ni bure, itumie kama watu wote. Ruhusa hupewi. Ukiwa na rekebisho, litume. Mama huyu atalisoma akimaliza kulia.

Valens, lala, ndugu yangu. Rezo imeshika.