Mzee Ukoka Anastaafu, na Koki Nimeachiwa Mimi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mtunza bustani wetu, ambaye hospitali nzima inamwita Mzee Ukoka, atastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, dobi mkuu, niandike wasifu wake kwa bashasha. Bashasha nitaitafuta. Kwa sasa nilicho nacho ni woga, na sababu yake mtaiona mkiendelea kusoma.

Aliajiriwa kama mlinzi wa geti, enzi ambazo mbele ya wodi ya macho palikuwa na kiwanja kitupu cha vumbi jekundu. Mvua kwetu ni miezi miwili kwa mwaka, na hiyo ni pale inapojisikia kuja. Dobi aliyenitangulia alikuwa akianika mashuka meupe asubuhi na kuyaanua mchana yana rangi ya matofali. Mlinzi akaomba ruhusa ya kupanda nyasi. Walimcheka mpaka wakashika mbavu: watu wenyewe maji wanayapigania, hizo nyasi zitakunywa nini? Akajibu kwamba zitakunywa maji ya dobi.

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Maji ya suuzo la mwisho, yasiyo na sabuni, hupita kwenye bomba hadi tangi la bustani. Mzee humwagilia mara mbili tu kwa wiki, kabla jua halijachomoza, na humwagilia hasa, ili maji yazame na mizizi iyafuate huko chini. Akitaka kujua kama ukoka una kiu, huvua viatu na kutembea juu yake. Alama za nyayo zikibaki, una kiu. Nyasi zikiinuka nyuma yake, anarudi zake kunywa chai. Mganga mkuu aliwahi kumkuta peku siku ya ugeni mkubwa, na hadi leo hatujui kati yao nani aliona haya zaidi.

Kazi yake wanaijua zaidi wagonjwa waliofungwa bandeji machoni. Hutoka wodini wakipapasa ukuta, lakini wakikanyaga ukoka wanajua wamefika, wanaketi wenyewe bila kushikwa mkono. Bibi mmoja alikaa pale siku sita, na siku alipofunguliwa bandeji aliomba kwanza aonyeshwe pale alipokuwa akikaa.

Sasa nifike kwenye lile baka. Wote mnalijua, karibu na kamba za kuanikia, urefu wa kitanda, nyasi zake zimepauka kidogo. Miaka kumi na moja tumewalaumu mchwa. Kamati ya mazingira ilileta hadi mpuliza dawa, akapuliza siku mbili, akaandika ripoti kwamba mchwa wa hapa ni wajanja sana, hawaonekani.

Mchwa huyo ni mimi. Alhamisi ni siku ya klorini, na maji ya klorini hayaendi bustanini, yanakwenda shimoni. Koki zilikuwa mbili, zinafanana kama mapacha. Nilikuwa mgeni kazini, nikafungua isiyo yenyewe. Siku ya tatu nyasi zilikuwa njano, ya tano zimekufa. Sikulala, sikula, nilikuwa nikisikia viatu vya mganga mkuu kwenye korido najificha nyuma ya mashuka. Mzee alikuja chumba cha kufulia, akanusa koki, akaniangalia, akaondoka. Nilijua nimekwisha. Kesho yake nilimkuta amechimba udongo ule hadi kina cha mkono, ameutupa, anapanda vipande vya ukoka kimoja kimoja. Jioni akaipaka rangi nyekundu koki ya shimoni. Alipoulizwa mbele yangu, alisema ni mchwa.

Naandika haya kwa sababu anaondoka na mimi siwezi kubaki nayo peke yangu. Nafasi yake haitajazwa. Kuanzia tarehe moja nyasi ni zangu, kwa kuwa maji ni yangu, na miezi mikali ndiyo kwanza inaanza. Uongozi umesema wazi kwamba nyasi zikifa kabla ya mvua, patamwagwa zege. Tayari fundi ameshapima, na vigingi viwili vimechomekwa kwenye kona. Kila nikipita navitazama. Nawaza wagonjwa wangu wa bandeji wakitafuta ukoka kwa miguu, wanakuta zege limeshika moto wa saa nane.

Alhamisi iliyopita nilimfuata bustanini kumwambia nitaomba kazi hii wampe mtu mwingine. Alikuwa peku, kama kawaida yake. Akasema hakuna mtu mwingine, jina langu alilipeleka yeye mwenyewe. Nikamkumbusha baka. Akaniuliza Alhamisi huwa nakagua koki mara ngapi. Nikasema mara tatu, tangu siku ile, sijawahi kuruka hata moja.

"Basi, mwanangu," akasema. "Wale wengine wangekagua mara moja."

Kisha akaniambia nivue viatu. Nilitembea hadi kwenye kamba na kurudi, bila kuthubutu kugeuka kutazama nyayo zangu. Nilipogeuka, nyasi zilikuwa zinainuka.

Mzee wetu, kwa niaba ya wodi zote, jiko na chumba cha kufulia, ahsante kwa kila alfajiri uliyotuamkia. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na jua, na wajukuu wa kukuchosha. Mimi bado naogopa, sitakudanganya. Kwa hiyo nenda ukapumzike, ila Alhamisi, kama huna kazi, pita pita getini.