Leseni ya Mzee Orrin

Basi letu la wilaya hapa Wisconsin, Marekani, halikosi habari, ndiyo maana sina haja ya gari.

Leo mzee Orrin, mwenye kofia ya rangi ya chungwa, alipanda mikono mitupu akitoka duka la bunduki. "Eti nitoe leseni ya udereva kama kitambulisho ndiyo waniuzie risasi," alimwambia mama aliyekaa naye. "Wanaipitisha kwenye mashine. Anwani yangu ya nini kwao? Nimekataa."

"Mimi nimewapa," alisema yule mama, pakiti ya risasi mapajani. "Hata uzito wangu ulioandikwa mle ni wa uongo."

Nikageuza cheko kuwa kikohozi.

"Tania tu, mama," Orrin akamjibu. "Msimu wa kulungu unaanza Jumamosi, na mjukuu wangu Tilly hajawahi kuwinda. Nimemwahidi."

"Si urudi uwaonyeshe hiyo leseni?"

"Mambo yangu siwaanikii watu."

"Haya. Mngewindia wapi?"

"Nyuma ya kinu cha zamani cha kusaga nafaka, kwenye mwaloni uliopasuka. Madume wanapita pale kila alfajiri, na sijawahi kumwambia mtu."

Dereva akazima redio.

Tuliposimama, yule mama alishuka na risasi zake. "Tutaonana Jumamosi, mzee," alisema. "Mlete Tilly."