Wageni wa Mapasa na Mlango Wangu wa Chuma

Ndugu zangu, Bwana asifiwe kwa ajili ya nyumba mlizotoka asubuhi hii, na kwa ajili ya milango mliyoifunga mkija hapa. Mimi ni Mama Odile, nauza unga wa mahindi katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, na wengi wenu mmekula bukari, ugali wetu, ya unga wangu, hata wale wanaosema wanajua pa kununua unga mzuri zaidi. Nimesimama kwa sababu Mungu alinitoa kwenye kitu nilichokipenda sana. Na mtu akitolewa kwenye kitu anachokipenda, haoni kwamba anaokolewa. Anaona anaibiwa. Basi mnivumilie, nitaeleza yote.

Nianze na wezi. Walikuja jioni moja, saa ya kula, na walikuja kwa adabu. Walipiga odi. Waliniita kwa jina langu: "Mama Odile, odi, ni siye ba ku kikundi ya sala." Nilifungua kwa furaha, mwiko wa bukari bado mkononi. Walikuwa wanaume wanne ambao sijawahi kuwaona. Mume wangu, Papa Odile, ni dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa nyumbani. Alijaribu kusimama mbele yao, wakamvunja mkono kwa kipande cha chuma. Walibeba unga, walibeba televisheni, walibeba hata sufuria lenye samaki likiwa bado la moto. Sitasema zaidi, maana sitaki kuwapa wezi nafasi kubwa katika ushuhuda wangu.

Mkono wa mume wangu ulipona. Mimi sikupona.

Nilimwita fundi wa kuchomelea, akaniwekea mlango wa chuma. Akaweka antivol, zile nondo nene, kwenye kila dirisha, hata lile dogo la choo ambalo paka mwenyewe anapita kwa shida. Bado sikulala. Hapo nikakumbuka bunduki ya marehemu baba. Baba alikuwa mwindaji, alikuwa na kalibre 12 ya mtutu mmoja, na karatasi zake za zamani, na nilipokuwa msichana alinifundisha kuishika na kuilenga. Kaka zangu walikuwa wameiweka tu. Niliwaomba, wakanipa pamoja na kopo la risasi. Niliisimamisha nyuma ya mlango wa sebule, nikaifunika kikwembe changu cha kujifunga kiunoni, ili mgeni akiiona adhani ni ufagio.

Papa Odile aliiona, akatikisa kichwa. "Hii kitu itatuletea mambo," alisema. Nilimwambia mambo yalishakuja, na aliyevunjwa mkono ni yeye. Akapanda lori lake, akaenda zake, na mimi nikabaki na bunduki.

Ndugu zangu, woga ukiingia ndani ya nyumba haukai kwenye kona moja. Unapika nawe, unalala nawe. Mtu akipiga odi niliuliza "nani?", nikauliza tena, nikauliza tena, na baada ya hapo bado nilichungulia. Akina mama wa kikundi walikuja mara mbili kuniombea, wakachoka kusimama juani kama watu waliokuja kuomba kazi. Jirani yangu Fundi Shabani, mshonaji wa nguo, ambaye wazee wake walitoka Maniema, ana desturi ya kutuletea sahani ya chakula mwezi wa Ramadhani. Mwaka ule niliipokea kupitia nondo za dirisha. Sahani haikuweza kupita ikiwa imelala, tukaiinamisha, na nusu ya pilau ikamwagika kwenye viatu vyake. Alikung'uta viatu, akanitazama kwa huruma.

"Mama Odile," aliniambia, "hii nyumba yako sasa iko kama buloko. Sijue tu ni nani njo balifunga."

Nilikasirika siku tatu, kwa kuambiwa nyumba yangu ni gereza. Na wakati huo wote nilikuwa nasali. Sikuacha rozari hata jioni moja, nikikaa kwenye kiti kinachotazama mlango, nikimwambia Mungu kwamba yeye ndiye mlinzi wangu, kisha nikinyoosha mkono kuhakikisha bunduki ipo. Mungu ni mvumilivu sana, ndugu zangu.

Sasa mwanangu Odile akajifungua mapasa, yaani mapacha. Mvulana na msichana, Kyungu na Kabange, wazima, wenye sauti kubwa. Kwa kuwa ni uzazi wake wa kwanza, alikuja kwangu nimtunze. Mume wake ni kijana mzuri, wazazi wake ni wakulima kule Lukafu, na mama yake anaitwa Mama Numbi. Huyo ndiye mukwe wangu, nanyi mshike jina lake.

Wengi wenu mnajua mapasa kwetu hawasalimiwi kwa upole kama watoto wengine. Ukoo wa baba unakuja na makelele. Wanajipaka nyuso udongo mweupe, wanagonga vyuma vya majembe, wanawatukana babu na bibi matusi ambayo siku nyingine yangeleta kesi. Wanajifanya wanyang'anyi. Wanashika kuku, kiti, sufuria, chochote, wakisema wanaondoka nacho, na wenye nyumba wanakikomboa kwa kinywaji, chumvi au unga. Ni furaha. Nilikuwa naijua desturi hii tangu utoto, nyimbo zake niliziimba mwenyewe kaka yangu alipopata mapasa. Lakini woga ulikuwa umeshaila kichwani mwangu, kama panya anavyokula gunia kutoka chini bila wewe kujua.

Watu wa Lukafu walikuwa wametuambia watafika Jumapili, baada ya misa. Ijumaa wakapata nafasi kwenye lori la makaa linalokuja mjini, wakapanda. Kule njiani hakuna mtandao, hawakuweza kupiga simu. Nasi hatukujua.

Ijumaa ile mchana mvua ilishuka ile ya kwetu, ya kuzima kila sauti juu ya mabati. Mbingu ilikuwa nyeusi na umeme ulikuwa umekatika. Odile amelala chumba cha nyuma na watoto wake. Mimi napepeta unga sebuleni. Ghafla mlango wa chuma ukapigwa kwa nguvu, si kwa mkono, kwa chuma juu ya chuma. Hakuna aliyesema odi. Nikachungulia dirishani kando ya mlango, nikaona nyuso nyeupe. Nikaona panga. Nikaona mipini ya majembe. Na sauti zikapiga kelele:

"Fungula! Leo tunabeba byote! We mama wa tumbo kama gunia, fungula! Tuletee bale babili, siye tunaenda nabo!"

Wale wawili. Niliwaza wajukuu wangu tu. Sikuwaza kitu kingine, sikuwaza hata jina la Yesu, na hilo ninalisema hapa mbele yenu kwa sababu ni kweli. Nilivuta kikwembe, nikashika bunduki, risasi ilikuwa tayari ndani. Nilipiga kelele kwamba ninapiga risasi. Wakacheka! Mimi nikaona wanacheka kwa sababu hawana hofu ya Mungu. Wao walikuwa wanacheka kwa sababu walidhani nimeujibu mchezo vizuri. Nikapitisha mtutu kati ya nondo za antivol. Mbele ya mtutu kulikuwa na mtu mmoja mfupi, uso wote mweupe, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Nikafumba macho. Nikavuta.

Bunduki ililia "ta". Ile sauti ndogo tu, ya chuma kikigonga risasi isiyotaka kuwaka.

Wengine hawakusikia, kwa mvua na majembe. Nilifumbua macho. Yule mtu mfupi alikuwa ananitazama mimi, kisha akatazama tundu la mtutu, kisha mimi tena. Halafu akafanya kitu ambacho sitakisahau. Alitupa kichwa nyuma, akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote, akapiga vigelegele, akaanza wimbo upya, na wale nyuma yake wakamfuata.

Mimi, nisiwadanganye, nilikuwa tayari nafungua bunduki kutia risasi ya pili. Risasi iliniponyoka, ikaanguka chini kwenye unga. Nilikuwa nimepiga magoti naitafuta pale nilipomsikia Odile kutoka chumba cha nyuma. Wimbo ulikuwa umemwamsha.

"Mama, fungula mulango! Ni ba mukwe! Banakuya kusalimia mapasa!"

Nilibaki chini, magoti kwenye unga. Odile mwenyewe ndiye aliyefungua, mtoto mmoja kifuani.

Waliingia wakiwa wamelowa, wakicheza, udongo mweupe ukiwatiririka hadi shingoni. Mmoja akashika kiti. Mmoja akashika ungo wangu. Mmoja akaenda moja kwa moja kwa jogoo, naye jogoo akajitetea vizuri kuliko mimi. Yule mtu mfupi alikuja kwangu pale chini. Alikuwa Mama Numbi. Alinishika mkono akaniinua, kisha akaitoa ile bunduki kwenye vidole vyangu, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Mi ninabeba hii," alisema kwa sauti, na nyumba yote ikacheka.

Tulikomboa vitu vyote jioni ile. Kiti kilirudi kwa chumvi, ungo kwa unga, jogoo kwa chupa za kinywaji. Ilipofika zamu ya bunduki, Mama Numbi alikataa. Tukaongeza unga, akakataa. Mwanawe akamsihi akicheka, akisema sasa mama anapitisha kiasi. "Apana," alisema. "Hii haina bei." Watu wakaona ni utani mkubwa sana, mukwe mwenye kichwa kigumu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nikimshikilia Kyungu.

Baadaye nilimfuata jikoni, tukiwa wawili tu. Alikuwa ananawa uso. Kabla sijasema, akasema yeye.

"Nilisikia. Bwana yangu alikuwa muwindaji, ile sauti minaijua."

"Ju ya nini ulicheka?" nilimuuliza.

Alijipangusa uso na kikwembe kabla ya kujibu. "Kama mi silicheke, bale bote wangejua. Wangerudi Lukafu na bwana ya mutoto wako, na bale batoto wangekomaa bila weye. Mi niliona hivyo pale pale, mbele ya ule mutobo ya bunduki. Nikacheka. Sasa weye usilie. Leta mafuta, hii udongo inanikausha."

Nililia hata hivyo. Nilimpaka mafuta usoni na machozi yangu yakichanganyika humo, naye akanilalamikia kwamba ninampaka vibaya.

Jumatatu aliondoka na lori la makaa, bunduki imefungwa ndani ya mkeka. Papa Odile aliporudi kutoka safari nilimwambia kila kitu. Naye, kwa kuwa ni mwanaume na lazima apate sababu, akaeleza kwamba risasi zilikuwa za zamani, zimeingia unyevu, mabati yetu yanavuja juu ya ule mlango. Nilimwambia sawa, na nani aliyachagulia yale mabati mahali pa kuvujia? Akacheka. Lakini usiku ule alisali magotini, jambo ambalo si kawaida yake, na asikasirike nikilisema.

Ndugu zangu, sitawaambia kwamba woga uliondoka siku ile. Ule usiku wa kwanza bila bunduki nilikaa macho mpaka majogoo. Nilimlaumu Mama Numbi. Nilisema ameniibia, ameniacha mtupu. Usiku wa pili vilevile. Lakini mkono wangu, kila uliponyooka kwenda nyuma ya mlango, haukukuta kitu, na mkono usiokuta kitu hatimaye unajifunza kufanya mambo mengine. Nilianza kuutumia kubisha kwa majirani. Nilikwenda kwa Fundi Shabani, nikamwomba radhi kwa ajili ya viatu vyake. Tukakubaliana barabara nzima, nyumba kwa nyumba, kila mmoja awe na filimbi, na filimbi moja ikilia wote watoke na masufuria wakigonga. Mimi ndiye ninayepita kila mwezi kuuliza kama filimbi bado ipo au watoto wameipoteza. Wananikimbia sasa, wanasema Mama wa Filimbi anakuja.

Wezi hawajaisha Lubumbashi, mnajua kama ninavyojua. Mlango wa chuma bado upo na usiku ninaufunga, Mungu hakuniambia niwe mjinga. Lakini wezi wangu walipiga odi kwa adabu, na wageni wangu wa baraka walikuja na mapanga wakinitukana. Mimi kwa akili yangu sikuweza kuwatofautisha, na kama ingekuwa ni mimi niliyeachiwa kuchagua, leo wajukuu wangu wangekuwa na kaburi la bibi mmoja, na bibi mwingine yuko buloko. Nimemwachia anayeweza kutofautisha. Kwake ninajifunza kufungua.

Wewe uliye na kitu nyuma ya mlango, iwe chuma, iwe dawa uliyopewa na mtu, iwe neno la chuki ulilolinoa kwa ajili ya mtu fulani akifika, mkabidhi Bwana kabla hajabisha mtu asiye na kosa. Utaona kama umeibiwa. Kaa hivyo hivyo, usirudi kukitafuta. Ninamshukuru Mungu kwa risasi iliyokataa. Ninamshukuru zaidi kwa kicheko kile.

Mama Numbi mwenyewe amekaa pale benchi la mbele, amekuja kutoka Lukafu kwa ajili ya siku hii, na ni yeye aliyeniruhusu kusema. Wale mapasa wanaomvuta kikwembe ndio haohao. Najua baada ya sala baadhi yenu mtamzunguka kumuuliza ile bunduki aliipeleka wapi. Mimi sijamuuliza hata siku moja, na leo sianzi.