Fundi Walubengo na Laptopu Iliyoganda

Ijumaa tarehe 29 Juni 2007, Bwana Zakaria Walubengo anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Wakulima kwa miaka thelathini na mitatu. Wengi wenu mnaosoma jarida hili, iwe mko makao makuu hapa Kitale au tawi la Bungoma, hamjawahi kuuona ushirika huu bila yeye. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ufupi. Nitajaribu, ingawa kwa mtu huyu ufupi wenyewe ni kazi.

Mzee Walubengo ni mzaliwa wa Ndalu. Aliajiriwa mwaka wa 1974 kama fundi wa taipureta, kazi yake kuzitia mafuta, kubadilisha riboni na kunyoosha herufi zilizopinda. Baadaye akakabidhiwa mashine ya kurudufu, kisha mizani ya magunia, kisha redio ya mawasiliano kati ya Kitale na Bungoma. Printa kubwa ya idara ya uhasibu aliibatiza jina la Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, hiyo huiendei ovyo ovyo, unaikaribia kwa heshima na macho chini. Mpaka leo karani mgeni akitumwa kwa Mama Mkwe huduwaa mlangoni.

Kompyuta za kwanza zilipoletwa, amri ilitoka kwamba hakuna kuingia chumbani mwake na viatu, kwa sababu ya vumbi. Watu walivua mlangoni kama tuvuavyo kwetu msikitini. Siku ya ufunguzi soksi ya Mzee mwenyewe ilikuwa imetoboka kidole gumba, naye akawahutubia wageni mguu mmoja umepanda juu ya mwenzake. Hadithi hiyo huisimulia mwenyewe, tena kwa kujivunia.

Mambo hayo kila mtu anayajua. Mimi nataka kuandika habari ya mwaka wa 2005, ushirika uliponunua laptopu yake ya kwanza na kuiweka mezani pangu. Nilikuwa mpiga chapa mgeni, bado kwenye majaribio, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukimlisha mama yangu na wadogo zangu. Laptopu ikaanza kuganda. Ukiiwasha asubuhi inakwenda vizuri, barua ya kwanza unaimaliza, halafu ghafla mshale unasimama, kibodi haiitikii, na dawa ni kuizima kwa nguvu na kupoteza kazi yote.

Mzee Walubengo aliichukua. Akasafisha virusi, akaweka programu upya, akabadilisha kadi ya kumbukumbu. Kwenye benchi la karakana yake ilifanya kazi kutwa bila shida. Ikarudishwa kwangu, ikaganda. Akaipeleka Bungoma, ambako joto ni kali kuliko huku kwetu, na huko nako ikachapa kazi siku nzima. Ikarudi kwangu, ikaganda tena. Dereva wetu Wanjala, aliyekuwa akiisafirisha, alitoa uamuzi wake mbele ya ofisi nzima: "Mzee, hii kitu haina ugonjwa bana. Ni huyu msichana haitaki."

Watu walicheka, lakini maneno yale yaliota mizizi. Ikaonekana wazi kwamba laptopu inaharibika mikononi mwangu tu. Meneja, Bwana Kibiwott, akaandika pendekezo kwa halmashauri kwamba nisithibitishwe kazini. Ilibaki fundi atie sahihi kwamba hitilafu imesababishwa na mtumiaji. Siku zile nilikuwa nikifika kazini nimevimba macho, na sioni haya kuliandika hapa.

Mzee hakutia sahihi. Alivuta kiti akaketi kando ya meza yangu asubuhi nzima, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akaniambia nifanye kazi yangu kama kawaida na nisimjali. Hakugusa kitu. Alisikiliza. Feni ya laptopu ilipoanza kulia, akainamisha kichwa. Ilipoganda, alipenyeza kiganja chini yake, akakichomoa upesi, akapuliza vidole. Kisha akavuta kitambaa kilichokuwa chini ya mashine na kukikunjua taratibu.

Hapa lazima nieleze habari ya kitambaa hicho. Nyote mnajua kwamba kwetu kitu cha thamani hakiwekwi juu ya meza tupu, iwe redio, televisheni au chupa ya chai. Siku laptopu ilipopokelewa na kuombewa, mwenyekiti wetu wa halmashauri, Mama Rispah Nasike wa Naitiri, alitandika kitambaa alichokifuma kwa mikono yake, cha uzi mzito, mwekundu na mweupe, safu mbili. Kilikuwa kizuri kweli. Nani angethubutu kukiondoa? Basi kila laptopu iliporudi, niliitandikia, na matundu yake ya kupumulia, ambayo yako tumboni, yakazibwa kabisa. Benchi la Mzee ni mbao tupu. Meza ya Bungoma ni mbao tupu.

Kujua chanzo ilikuwa nusu ya kazi. Bwana Kibiwott, ambaye si mtu mbaya, aliingiwa na hofu ya kumuudhi mwenyekiti, akamsihi Mzee aandike tu kwamba mashine ilitumiwa vibaya, yaishe. Mzee alimjibu kwamba hayataisha, yatakuwa yamemwishia binti wa watu.

Halmashauri ilikutana Bungoma. Mzee alifika amevaa tai, jambo ambalo hutokea harusini tu, akabeba laptopu na kitambaa. Aliomba ruhusa ya mwenyekiti, akakitandika, akaweka mashine juu yake na kuiwasha kabla ya sala ya kufungua kikao. Kumbukumbu za mkutano uliopita zilikuwa bado zinasomwa ilipoganda, kwa mara ya kwanza ikiwa Bungoma. Ndipo akasema kwa upole, "Mama, hebu weka mkono hapa chini, pole pole, usiungue."

Mama Rispah akauweka. Akautoa. Akaitazama mashine, akakitazama kitambaa. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. "Woi! Kumbe ni kitambaa yangu?" akasema. "Ati mimi ndio nimeziba hii kitu mapua, na mnataka kufukuza mtoto wa wenyewe?" Kisha akaangua kicheko, akajifuta machozi kwa kitambaa kile kile. Laptopu ilipoa, ikawashwa juu ya mbao tupu, ikafanya kazi hadi kikao kilipofungwa. Pendekezo la kuniondoa lilichanwa hapo hapo.

Tangu siku ile Mzee alinichukua karakanani na kunifundisha kazi. Alinifundisha kuifungua mashine, na kabla ya hapo alinifundisha kuketi na kuitazama pale pale inapougulia, kwa mtu yule yule anayeilalamikia. Kuanzia Jumatatu nitaishika karakana ya makao makuu na ya tawi la Bungoma. Kutoka taipureta hadi laptopu, ndiye aliyetufikisha hapa, nasi tunaona fahari kubwa kuitwa wenzake.

Asante, Mzee Walubengo. Nenda nyumbani Ndalu ukapumzike na mkeo, Mama Edinah, mahindi yakuitikie, afya isikupungukie, na usituchoke tukikupigia simu. Mwaka ule karatasi ya kuniondoa ilikuwa tayari, imebaki sahihi yako tu. Hukuitia. Ndiyo maana leo wewe unaondoka kwa heshima zote, na mimi nipo hapa kukuaga.

Aaliyah Farid, Kitale